Rubavu, mnara wa miji miwili

“Mjomba, mji wenu hauna mnara?”

Mpwa wangu aliniuliza hivyo Ijumaa jioni tukiwa barazani hapa Nyundo, vikombe vya chai mkononi, ukungu ukishuka taratibu katika bonde la Mto Sebeya. Alikuwa amefika mchana huo kutoka Nairobi kupitia Kigali. Kazini walikuwa wamempa mapumziko mafupi, na ukitoa siku za safari, za kukaa nasi zilibaki mbili tu, Jumamosi na Jumapili. Kwao Nairobi, mgeni wa siku mbili hupelekwa juu ya jengo la KICC akauone mji wote kwa mara moja, ndipo achague pa kwenda. Alitaka kujua sisi watu wa Gisenyi wageni wetu tunawapeleka wapi.

Nilikuwa karibu kumjibu kwamba mnara hatuna. Gisenyi ni mji wa nyumba fupi, umejibana kati ya vilima na Ziwa Kivu, na sifa yake ni ufuo wala si maghorofa. Kisha nikaukumbuka mlima. Nina miaka kumi na mmoja Nyundo. Nimepita chini ya Mlima Rubavu nikienda sokoni, nikienda benki, nikienda kumpokea mgeni mpakani, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuupanda hadi kileleni. Naujua kwa umbo lake na kwa kivuli chake tu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Makala haya ni habari ya jinsi mgeni wa siku mbili alivyoniponya macho.

Mtoto akifika juu hutafuta kwao

Usiku ule mezani alinisimulia mara yake ya kwanza kupanda KICC. Alikuwa darasa la sita, wamepelekwa na shule. Wakapandishwa kwa lifti, wakamalizia kwa ngazi, wakatokea kwenye uwanja wa duara ulio juu ya paa, upepo ukawapokea. Mwalimu akaanza kuwaonyesha: kule ni Bunge, kule stesheni ya reli, kule Milima ya Ngong, kule mbuga ya wanyama. Watoto hawakumsikiliza. Kila mmoja alikuwa amenyoosha shingo akitafuta mtaa wa kwao. Yeye alikuwa akiitafuta Eastlands. “Sikuijali Ikulu, Mjomba. Nilitaka kuona kwetu.”

Maneno hayo yalinikaa moyoni, kwa sababu yanaeleza kazi ya mnara kuliko kitabu cha wageni. Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta lilianza kujengwa mwaka 1967, likakamilika 1973, na mwaka huohuo likapokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mchoro wake ni wa Karl Henrik Nøstvik kutoka Norwe pamoja na Mkenya David Mutiso. Lina orofa 28 na urefu wa mita 105, na kwa zaidi ya miaka ishirini hapakuwa na jengo refu kulipita Kenya nzima. Wazo la kwanza lilikuwa makao makuu ya chama cha KANU, likakua likawa jumba la mikutano ya dunia. Leo Nairobi ina majengo marefu zaidi, lakini watoto wa shule bado wanapelekwa palepale. Sababu ni kwamba pale mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kusimama juu ya mji wake na kuutazama.

Huko Paris walijenga mnara wao wa chuma mwaka 1889 wakaufikisha mita 300, na mamilioni ya watu wanaupanda kila mwaka. Zanzibar, kabla ya sehemu ya Beit al-Ajaib kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mgeni alipanda hadi roshani za jumba hilo la Sultani Barghash, lililojengwa 1883, akaiona Forodhani, bandari na mapaa ya Mji Mkongwe. Miji ya watu huwatengenezea wakazi wake mahali pa juu. Mji wetu ulikuta pamekwisha kutengenezwa.

Tukakubaliana kwamba kesho alfajiri tutapanda. Bahati njema haikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo nchi nzima hushika majembe asubuhi na magari hayatembei.

Kutoka Nyundo kwenda mjini

Ilikuwa Mei. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na watu wa huku wanajua kwamba baada ya mvua kama hiyo anga huoshwa, milima ikaonekana kama imesogezwa karibu. Tuliondoka nyumbani saa kumi alfajiri. Saa ya mpwa wangu ilisema kumi na moja, kwa kuwa ilikuwa bado inafuata majira ya Nairobi.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Nyundo ni tarafa ya Wilaya ya Rubavu, kilomita kama 10 kabla ya Gisenyi ukitokea Kigali na Musanze. Msemaji wa Kiswahili haambiwi maana ya neno hilo, na Mnyarwanda naye chombo hichohicho hukiita inyundo. Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa Mapadri Weupe, walifungua misheni hapa mwaka 1901. Mwaka 1952 Nyundo ikapata Aloys Bigirumwami, Mnyarwanda wa kwanza kuwa askofu. Kwa miongo mingi vijana waliotaka kujifunza kuchora na kuchonga walikuja katika shule ya sanaa ya hapa. Na Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia seminari na kanisa kuu la Nyundo wakitumaini kuokoka waliuawa humo humo, mapadri wakiwamo. Siwezi kuitaja Nyundo nikaliruka hilo.

Pikipiki mbili zilitubeba kwa mteremko, tukaacha nyuma mashamba ya chai ya Pfunda, giza likianza kulegea. Baridi ilikuwa kali hata mikono ikaganda. Tulipoingia Gisenyi tulimkuta kijana tuliyeagana naye kwa simu, mwenyeji wa mjini anayeijua njia ya mlimani. Ni mtoto wa Goma, mji wa Kongo ulio ng’ambo ya mpaka, aliyekulia Gisenyi, na Kiswahili chake ni kile cha Kongo, kitamu masikioni. Alimtazama mpwa wangu alivyoanza kwa haraka za Nairobi, akanigeukia mimi. “Muzee, twende pole pole. Mulima haikimbiye.”

Njia inaanza baina ya nyumba, kisha inaingia miti. Mingi ni mikaratusi. Zamani mteremko huu ulikuwa na makazi. Familia ziliishi humu hadi serikali ilipozihamisha kwa hofu ya maporomoko, na mlima ukaachiwa miti. Bado utaona mahali palipokuwa pamesawazishwa kwa ajili ya nyumba, nyasi zimepafunika. Udongo ulikuwa umelowa, unanata kwenye viatu. Nilishika mti mmoja nivute pumzi, na gamba lake likabanduka mkononi mwangu kama karatasi, likiwa na ile harufu ya dawa ya kifua ambayo kila aliyewahi kufukizwa utotoni anaijua. Chini yetu, misikiti ilikuwa imekwisha kuadhini na jogoo wa miji miwili walikuwa wanaitikiana.

Ziwa lililobeba moto

Tulifika juu jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia. Cha kwanza kuonekana kilikuwa ziwa.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na kina chake kinapita mita 480. Asubuhi ile lilikuwa la rangi ya bati. Wavuvi walikuwa wanarudi. Kijana wetu alinyoosha kidole, na baada ya kukaza macho nikaona: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja ubavu kwa ubavu, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma kama ndevu za kamba wa baharini. Usiku huning’iniza taa juu ya maji, sambaza wakaja kwenye mwanga, wavu ukawainua. Kutoka tuliposimama, vyombo hivyo vilikuwa vidogo kama panzi, lakini upepo ulipogeuka tulisikia sauti za makasia na za watu wanaoimba ili wapige kasia kwa pamoja.

Sambaza wenyewe si wenyeji. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakapandwa humu kama mbegu. Mtu wa Kigoma akiwekewa sahani ya sambaza Gisenyi atawatambua kama jamaa wa nyumbani. Leo wanalisha pande zote mbili za ziwa.

Na chini ya samaki kuna jambo jingine. Maji ya kina cha Kivu yamebeba gesi iliyoyeyuka, karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Gesi hiyo imetulia kwa sababu uzito wa maji ya juu unaikandamiza, kama soda inavyotulia chupa ikiwa imefungwa. Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo ni dogo sana mbele ya Kivu, lilifunguka namna hiyo tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Hapa kandokando ya Kivu tunaishi watu takriban milioni mbili.

Rwanda imeamua kuigeuza hatari hiyo kuwa riziki. Kiwanda cha bia cha Bralirwa hapa Gisenyi kilianza kutumia methani ya ziwani tangu mwaka 1963. Mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi huvuta maji ya kina, huitenga gesi na kuzalisha megawati 26 za umeme. Mwingine wa megawati 56 umejengwa hapa Rubavu. Kila gesi inayotolewa kwa uangalifu ni umeme uliopatikana na mzigo uliopunguzwa. Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni ya mambo ya umeme, alilitazama ziwa kwa muda bila kusema neno.

Mji wa ng’ambo

Geuka magharibi kidogo, na Goma inaanza pale Gisenyi inapoishia. Nilidhani kutoka juu mpaka hautaonekana. Unaonekana. Upande wetu nyumba zimebanwa na vilima vya kijani na miti imekaa katikati yake. Upande wa pili ardhi inalala tambarare, nyeusi, na mapaa ya mabati yametandazwa juu ya mawe ya volkano mpaka macho yachoke. Goma imejengwa juu ya lava, na kuta za nyua zake nyingi ni za lava hiyohiyo iliyopasuliwa kwa nyundo.

“Kwetu ni kule,” alisema kijana, akionyesha Birere, mtaa ulio jirani kabisa na mpaka. Mama yake anaishi huko. Yeye alivuka kuja Rwanda akiwa mgongoni mwa mama huyo tarehe 17 Januari 2002, mtoto wa miaka minne, siku volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na moto ukapita katikati ya mji hadi ukaingia ziwani. Mama alirudi baadaye, mtoto akabaki kusomea Gisenyi kwa shangazi. Siku akiwa na hamu ya nyumbani, alituambia, anapanda hapa. Nikamtazama mpwa wangu, naye akanitazama. Mwingine tena aliyefika juu akatafuta kwao.

Chini tuliiona Petite Barrière, kivuko cha watu wa miguu. Kabla ya janga la korona, makumi ya maelfu walivuka hapo kwa siku moja. Kutoka juu unaona mstari tu, unasogea kama siafu. Lakini mimi nimesimama katika mstari ule, najua kilichomo: mama wa Nyundo na Mahoko mwenye beseni la nyanya kichwani, mwingine na madumu ya maziwa, mwingine na kabeji kumi na mbili kwenye kanga, na wanaorudi, vitenge vimekunjwa ndani ya mifuko. Ng’ambo chukudu zinasubiri, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali ambazo vijana wa Goma hubebea magunia. Chakula cha mji ule kinaanzia katika mashamba yetu, na ada za shule za watoto wetu zinaanzia katika soko lao.

Mlima huu umeona barabara ileile ikijaa kwa namna nyingine. Julai 1994, serikali iliyoendesha mauaji ya kimbari ilikuwa imekimbilia Gisenyi, na iliposhindwa, karibu watu milioni moja walivuka kuingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu juu ya mawe ambayo hayachimbiki hata kaburi. Januari 2002 mkondo uligeuka, mamia ya maelfu ya watu wa Goma wakaja kwetu wakikimbia lava. Mei 2021 wakaja tena. Na mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipotekwa na waasi wa M23, makombora yalianguka upande wetu na kuua raia wa Rubavu.

Mtu akiyasoma hayo gazetini anaona matukio manne ya nchi mbili. Akiwa juu ya Rubavu anaona kipande cha barabara anachoweza kukifunika kwa kiganja. Mimi niliinua mkono nikakifunika, kisha nikauteremsha. Wote waliowahi kukimbia, huku au kule, walikimbilia kwa jirani, kwa sababu hapakuwa na pengine. Jirani wa namna hiyo huwezi kumchukia bila kujitabiria mabaya.

Mwenye nyumba aliye juu ya wote

Kaskazini, juu ya Goma na juu yetu, alikaa Nyiragongo, mita 3,470, kilele kimekatwa kama chungu. Kamoshi kembamba kalikuwa kanapanda. Nyuma yake ni safu ya Virunga, na Karisimbi, mrefu kuliko yote kwa mita 4,507, upande wa mashariki ukivaa wingu.

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kupita za volkano nyingi, na ndiyo sababu ya hatari yake. Tarehe 10 Januari 1977 kuta za mlima zilipopasuka, ziwa la moto lililokuwa kileleni lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, likiteremka kwa kasi isiyomwachia mtu nafasi ya kukimbia. Mwaka 2002 nyufa zilifika karibu na mji, lava ikafunika sehemu ya njia ya ndege, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makazi. Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi jioni, 22 Mei 2021. Nakumbuka anga ilivyokuwa nyekundu, na magari na watu wa miguu wakipita Nyundo usiku kucha kwenda popote palipo mbali. Lava ilisimama mita mia chache kutoka uwanja wa ndege wa Goma. Kisha ardhi ikatetemeka siku nyingi, nyufa zikafunguka katika barabara za Gisenyi na nyumba za watu zikapasuka. Moto ulikuwa umepita chini yetu kwa siri ukielekea ziwani.

Kwenye kilima kidogo cha Goma, kando ya maji, kipo kituo cha wataalamu wanaoichunga volkano hiyo usiku na mchana. Wao na wenzao duniani kote hutumia neno moja ambalo msomaji wa Kiswahili anastahili kulijua: mazuku. Ni neno la watu wa Goma na Sake kwa ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutuama mabondeni. Ni kaboni dioksidi, haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Alfajiri isiyo na upepo hujaa shimoni kama maji. Mbuzi akiingia haambiwi, mtoto akimfuata mbuzi haoni kitu. Wanasayansi wa mataifa mengine walipokuja hawakuwa na jina la kitu hicho, wakachukua la wenyeji, wakaliandika katika majarida yao bila kulitafsiri. Elimu ya wakulima na wachungaji ilifika kabla ya vipimo.

Nyundo iliyokuwa ziwani

Mwisho niligeuka kutafuta kwetu. Niseme ukweli, ndicho nilichokuwa nikikitaka tangu tulipoanza kupanda. Sikukiona. Nyundo imejificha nyuma ya migongo ya vilima, na kijana aliweza tu kunionyesha upande ilipo.

Ila alinionyesha kitu kingine. Kusini, mbele ya Rubona, mahali Sebeya inapoingia ziwani, maji yalikuwa na doa kubwa la rangi ya chai ya maziwa. Lilianzia mdomoni mwa mto likapanuka kama feni, na ukingo wake ulikuwa dhahiri kana kwamba limechorwa. Ilikuwa mvua ya usiku ule. Ule ulikuwa udongo wa kwetu.

Sebeya inashuka kutoka nyanda za Gishwati. Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na zaidi ya hekta 20,000. Ulifyekwa kwa malisho, kwa mashamba, kwa makazi ya waliorudi kutoka uhamishoni, hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikabaki hekta 600 hivi. Sehemu imeoteshwa tena, na Gishwati pamoja na Mukura sasa ni hifadhi ya taifa. Lakini mlima uliovuliwa nguo haufunikwi kwa siku moja. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa ilipiga magharibi na kaskazini mwa nchi. Sebeya ikatoka kitandani mwake. Maporomoko na mafuriko yaliua watu zaidi ya 130, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Hapa Nyundo tulisikia mto kabla ya kuuona, mlio wa mawe yakigongana ndani ya maji. Asubuhi majirani walikuwa wanatafuta nyumba zilizokuwapo jana.

Miaka yote tangu hapo nimekuwa nikiufikiria mto huo kama mto wa Nyundo, jambo letu na bonde letu. Juu ya Rubavu niliuona unakoishia: udongo wa mkulima wa Gishwati na wa Nyundo unaelea mbele ya mvuvi wa sambaza, katika maji ambayo wanawake wa Goma huyachota kwa madumu. Shimo lililobaki shambani kwangu ni tope la mtu mwingine. Hilo sikulijua nikiwa chini, nami ni mtu wa kusoma magazeti kila siku.

Ndipo nilipoelewa kwa nini watoto wa darasa la sita hawakumsikiliza mwalimu. Mtu hawezi kuuelewa mji kabla ya kujiweka ndani yake. Kwanza atafute kwao. Akishapaona, au akishaona udongo wa kwao, ndipo macho yake yatakuwa tayari kuona pengine panapogusana napo.

Tunachodaiwa

Tulishuka saa tatu, jua likiwa limeshika. Mchana tulikula sambaza wa kukaanga kwa ndizi karibu na maji, na Jumapili baada ya misa mpwa wangu akapanda basi la Kigali. Siku mbili zake zilitosha. Za kwangu ndizo zilizobaki na deni, na nadhani deni hilo si langu peke yangu.

Wilaya yetu imepewa jina la mlima huu. Ina wakazi zaidi ya 500,000, na wageni wengi huja mwisho wa wiki kutoka Kigali, kilomita kama 155, wakaenda moja kwa moja ufuoni na kurudi. Sina neno na ufuo. Maji ni mazuri na mapumziko ni haki ya aliyechoka. Lakini mlimani panastahili njia salama yenye vidato pale panapoteleza, benchi kwa wazee, na ubao unaotaja kila kinachoonekana: jina la kilima, urefu wa volkano, mwaka wa kila lava. Ubao huo uandikwe kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda na tangu zamani ni lugha ya pande zote za mpaka huu. Shule za Nyundo, Rugerero na Gisenyi zipeleke watoto, kama Nairobi inavyowapeleka wake. Mtoto atakayeonyeshwa doa la Sebeya akiwa na miaka kumi na miwili hatahitaji kushawishiwa kupanda mti akiwa na thelathini.

Na miti ya mlima wenyewe ilindwe. Beit al-Ajaib ilisimama miaka 137, lakini jengo lililochoka halikusubiri. Mlima nao huchoka ukifyekwa, na huu ukiteleza utaangukia mji.

Msomaji, ukipata mapumziko mafupi ukafika Gisenyi, siku ya kwanza ipe Rubavu. Nenda baada ya mvua ya usiku, ondoka kabla ya jua, vaa viatu vinavyoshika. Kwa kuwa mpaka uko karibu sana, uliza kwanza kwa viongozi wa mtaa kama njia iko wazi, mchukue mwenyeji akuongoze na umlipe haki yake, wala usipige picha za walinzi. Ukifika juu usianze na ziwa wala volkano. Tafuta kwanza upande wa kwenu, popote ulipotoka, usimame upatazame. Mengine yote utayaona baada ya hapo.